Salteña za Alasiri

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji Nieves kaongeza tanuri la tatu. Mji mzima wa Sucre unamsifu kwa salteña zake, zile za unga wa kuoka zenye nyama na mchuzi ndani. Jirani yetu Casiano, aliyezeeka akitafuta kazi, sasa anakanda unga pale. Mjane wa mtaa wa juu anasuka kingo za salteña ili mchuzi usivuje. Marlene, mke wangu, kasema dada yake anahitaji watu zaidi. Kasema pia kwamba Jumamosi ikifika sina kazi, nikaishi kwa mama yangu Potosí. Potosí! Baridi ya kule inaingia hadi kwenye meno. Lakini mimi, kusuka kingo? Mtu kama mimi haajiriwi. Anaajiri.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua jambo. Wauza salteña wote hufunga saa sita mchana. Wote! Alasiri nzima hakuna mshindani hata mmoja. Ajabu kwamba hakuna aliyeliona. Nikamwahidi Casiano umeneja mkuu kila akitoka kwa Nieves. Akauliza, meneja wa nani? Nikamwambia aache kufikiri kidogo kidogo.

Jumatano, 6 Machi
Msiba jikoni. Marlene alinionya mchuzi ulale kwenye baridi ugande kwanza. Nikamjibu biashara haisubiri mchuzi ulale. Nikaufunga ukiwa moto. Unga ukapasuka, mchuzi wote ukaishia kwenye kiatu changu. Marlene akatazama sakafu, akauliza begi langu la safari liko wapi. Mchuzi mpya umelala.

Alhamisi, 7 Machi
Ufunguzi! Meza pembeni ya uwanja, saa tisa alasiri. Salteña nzuri, kingo nimezisuka mwenyewe. Watu wakanisalimia kwa sauti ya chini, kama niliyefiwa. Bibi mmoja akauliza kama ni kiporo cha asubuhi. Nikaapa zimetoka tanurini sasa hivi. Akasema basi hiyo ni mbaya zaidi, mtu mzima na akili zake kuoka chakula cha asubuhi saa hizi. Hatukuuza hata moja. Saa kumi njaa ikanibana, nikamwachia Casiano meza nikaenda kununua mkate na jibini. Nile salteña alasiri? Kwani mimi mgeni hapa?

Ijumaa, 8 Machi
Jana jioni Nieves alipita mezani, akacheka hadi akashika ukuta. Akachukua salteña moja, akaenda nayo kwake. Leo asubuhi kaila, kisha kaleta ujumbe: mpumbavu ni yule yule, ila kingo zake hazivuji. Nije kesho alfajiri, kuna aproni yangu. Niliumia. Kisha nikaona begi langu mlangoni, limeshafungwa. Nimekubali shingo upande.

Jumamosi, 9 Machi
Siku ya kwanza kazini. Mjane kanipisha kwenye benchi, kaniita bwana meneja mkuu, benchi zima likacheka. Nimesuka hadi vidole vikafa ganzi. Hakuna iliyovuja. Marlene kanibusu mbele ya watu, begi limerudi juu ya kabati. Nina furaha, sikatai.

Saa sita Nieves kafunga. Nikabaki nikifagia. Matanuri matatu, yote bado ya moto, yamekaa bure mpaka kesho alfajiri! Shemeji wa watu haoni kabisa. Nimemvuta mjane pembeni, nikamnong'oneza kwamba nafasi ya meneja mkuu iko wazi.