Vita vya Miguu Isiyotajwa

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kutetemeka mbele ya ubao, msikie jinsi Qiu Lanyin, binti wa darasa la tano, mshika kalamu asiyeyumba, alivyosimama peke yake mbele ya jeshi la wenzake arobaini.

Siku hiyo, katika mji mdogo wa milima ya Gansu, mlango ulifunguka bila hodi, akaingia mgeni asiyetarajiwa: Mkaguzi Geng, mwenye miwani ya chuma, kitisho cha madaftari ya wilaya nzima. Alikuja kumchagua mtoto mmoja wa kwenda kwenye mashindano ya hisabati katika jiji la Lanzhou, safari ambayo Lanyin alikuwa akiiota tangu theluji ya kwanza.

"Atakayenionyesha kosa langu," akatangaza, "nitamfutia ubao siku ya zamu yake. Sijawahi kufuta."

Kisha akaandika: Kuku na sungura wamo kizimbani. Vichwa thelathini na vitano. Sungura ni wangapi?

Kalamu zikashuka kama mvua ya mishale. Kumi na wawili, waliandika wote, kwa kuwa fumbo hilo la kale walilikariri, pamoja na jibu lake, kabla hawajang'oka jino la kwanza.

Lanyin naye alilijua. Lakini mkono ukasita. Katika fumbo la kale miguu ilikuwa tisini na minne. Hapa iko wapi? Akajaribu sungura mmoja na kuku thelathini na wanne: vichwa vikatimia. Akajaribu sungura ishirini: vikatimia vilevile. Wote waliingia kizimbani bila ugomvi. Akaandika: Taarifa hazitoshi.

"Wenzako wote wana jibu," alisema Mkaguzi. "Wewe huna?"

"Mwalimu, miguu haipo."

"Wameikalia," akanong'ona Zhuang Ke, jirani yake wa dawati, na darasa likaangua kicheko. "Andika kumi na wawili, wewe, uende zako Lanzhou."

Masikio yalimwaka Lanyin, lakini hakurudi nyuma. "Hata wakisimama, hatujaambiwa ni mingapi. Kumi na wawili tumewakumbuka tu, mwalimu. Hatujawatafuta."

Mkaguzi aliusoma upya ubao wake, neno kwa neno. Nje, basi la mwisho la kushuka bondeni, lile la kumrudisha kwake, lilipiga honi.

"Zamu ya kufuta ni ya nani?"

"Yangu, mwalimu. Leo," akajibu Lanyin.

Mkaguzi akaliandika jina la Lanyin kwenye karatasi ya mashindano ya Lanzhou, akavua koti, akashika kifutio. Honi ikalia tena. Alifuta ukingo hadi ukingo, nyusi zikigeuka nyeupe kwa chaki, huku mngurumo wa basi ukififia mlimani.

"Umebakiza pale juu," Lanyin akasema kwa upole.

Mkaguzi Geng akanyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu, akapafuta na pale.