Malkia wa Kwenye Maharage Yangu

Jumatatu, 10 Machi

Habari mbaya kabla hata ya chai. Evarist amealikwa shuleni Ijumaa! Atawaonyesha watoto malkia wa nyuki. Mwalimu Judith anamwita ati mzee mtaalamu. Atawekewa kiti mbele. Chenye mto! Jirani huyu huyu niliyemfundisha kupanda miti, enzi zile bado anaogopa mbuzi. Vimizinga vyake vichache tu, Tlawi nzima imepagawa.

Mimi je? Nina maharage.

Nikaenda kuyapalilia kwa hasira. Kumbe! Katikati ya tuta, siafu wanaburuta mdudu mkubwa wa kahawia, tumbo kama kidole changu. Hana mabawa. Raia wamemzunguka pande zote. Nani mwingine huzungukwa hivyo? Malkia! Nimewanyang'anya, nikamtia kwenye kopo la siagi. Nimeumwa mpaka kwapani.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu Marieta kauliza nimejuaje kuwa ni malkia. Nikamwambia atazame tumbo. Akasema kwa tumbo, hata mwenyekiti wetu wa kijiji ni malkia. Hana elimu huyu. Mimi nilifika darasa la nne.

Nimemvizia Mwalimu Judith njiani. Shikamoo babu, marahaba, nikamwaga habari zote. Akasema nimlete Ijumaa, tumtambue pamoja na watoto. Nikauliza kuhusu kiti. Akasema viti vipo. Nikauliza kuhusu mto. Akacheka.

Jioni Evarist kaja, anaomba kuchungulia kopo. Nikamjibu malkia hapokei wageni.

Alhamisi, 13 Machi

Siafu wamekuja! Mstari mweusi kutoka kwenye maharage hadi ukutani kwangu. Marieta akamwaga majivu mlangoni, kama tunavyofanya siku zote wakihama. Nikaona ni utovu wa adabu. Raia wamekuja kumwona mama yao, wazuiwe? Alipokwenda kuchota maji nikayafagia. Waingie, wanizoee, kesho niwapeleke shuleni kwa gwaride. Evarist ana gwaride?

Kopo hawakuligusa. Waliingia kwenye suruali.

Nilitoka uani bila suruali. Kuku wanapiga mayowe bandani. Na nani karuka ua na debe la majivu? Evarist! Kaokoa kuku wote, hata yule jogoo asiye na faida. Marieta kampa chai ya maziwa. Mimi asubuhi niliambiwa maziwa yameisha.

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Evarist kaanza. Malkia wake ndani ya kisanduku cha wavu, watoto wakapiga makofi. Hata mimi nilichungulia, kidogo tu. Kisha kopo langu. Mwalimu akalinganisha na picha kwenye simu. Akauliza kama nimeyaona macho yake makubwa. Nikasema ni ya kifalme. Akauliza kuhusu makovu mgongoni. Nikasema ni ya vita.

Akaniambia kwa upole: babu, malkia wa siafu hana macho, wala hajawahi kuwa na mabawa. Huyu ni dume. Siafu walimng'oa mabawa, wakawa wanampeleka kwa malkia akaoe.

Nimemteka bwana harusi njiani!

Watoto walicheka mpaka kengele ikagongwa. Evarist alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye mto. Mimi nilikalia benchi.

Jumamosi, 15 Machi

Imakulata wa dukani kaniuliza kama nimeshapokea mahari. Wengine wananiita mkwe wa siafu. Evarist kaleta asali, ati ya kunipoza moyo. Nimeila yote kwa hasira.

Ila nimefikiri. Malkia anaye Evarist, sawa. Bwana harusi ninaye mimi! Na bibi harusi yuko chini ya maharage yangu, anasubiri. Mwanamke gani atakubali bwana wake atekwe? Lazima atatoka kumfuata. Malkia wa siafu, ambaye hapa Tlawi hakuna aliyewahi kumwona! Mto utakuwa wangu.

Bwana harusi hajambo. Amelala chali tangu jana, naona ni wasiwasi wa ndoa.

Majivu nimeyafagia yote. Mlango uko wazi. Suruali nimeifunga kamba miguuni. Marieta kauliza ninafanya nini, nikamwambia tunatarajia mgeni. Kaweka kuku kwenye tenga, anawahamishia kwa Evarist. Na yeye kabeba khanga zake.

Vizuri. Nafasi itatosha.