Namba ya Chesisi Nimeisoma Mwenyewe

Jumanne, 9 Septemba
Nanunua gari, na Muhannad sijamwambia. Mume wangu wa siku kumi na tisa (nazihesabu kila asubuhi akinimiminia chai) anastahili zawadi, si mjadala. Gari jeupe, uwanja wa kuuzia magari mjini Zarqa. Bei: akiba yangu yote na ile bangili pana aliyonivisha mama yake siku ya harusi. Numan, kaka yake, kanisihi nilipeleke kwanza kwa mkaguzi. Mkaguzi wa nini? Nimemaliza sekondari.

Jumatano, 10 Septemba
Nimenakili namba ya chesisi kutoka kioo cha mbele. Herufi na tarakimu kumi na saba. Nimezifumbua kwa jedwali la kwenye simu. Ya kwanza K: Korea. Ya kumi J: mwaka 2018. Vilevile alivyosema muuzaji. Bangili nimemuuzia sonara. Nimelipa.

Alhamisi, 11 Septemba
Muhannad kalizunguka gari mara tatu, macho yamemlowa. Kisha akauliza mkono wangu mbona mtupu. Nikasema bangili inasafishwa. Akanibusu kifundo cha mkono. Sijala tangu hapo.

Jumapili, 14 Septemba
Ukaguzi wa leseni. Mkaguzi kafungua mlango wa nyuma, kaita wenzake, wakaja na vikombe vyao. Akaniuliza, "Bi harusi, na hii umeisoma?" Namba nyingine, kwenye nguzo ya mlango. Ya kumi ni F: 2015. Nusu ya gari moja imechomelewa na nusu ya jingine. Leseni hakuna. Muuzaji hapokei simu.

Numan kaniuliza, "Shemeji, keki za kuzaliwa za gari tukate mbili?" Muhannad akamjibu kwamba sisi tutakaa mbele, kwenye nusu iliyo mpya. Nikalia, nikaungama habari ya bangili. Baadaye akasema tu kwamba mama yake aliivaa miaka thelathini.

Jumanne, 16 Septemba
Sonara ameshaiuza. Mama mkwe kapiga simu kutoka Karak: lini anipikie mansafu, ule wali wao wa nyama na mtindi, auone tena mkono wa mkwewe? Nimesema nitampigia.

Lakini mchana, sokoni, mwanamke mmoja alikuwa na bangili pana kama ile. Amekubali kubadilishana na saa aliyoninunulia Muhannad. Ndani ina mhuri: 875. Sonara wa nini? Nimetazama jedwali la kwenye simu: dhahabu ya kareti ishirini na moja. Imeniachia rangi ya kijani kidogo mkononi, jasho hilo. Muhannad simwambii, nitamshtukiza mpenzi wangu. Nimempigia mama mkwe: tutakuja kabla mwezi haujaisha, na mkono atauona.