Sare ya Babu Chande

Jumatatu, 10 Februari 2025

Hatimaye Songea imegundua kuwa ina msanii! Bi Mwanaisha, mwenye gesti mpya kule Bombambili, anataka kuta za ukumbi wake wa chakula zijae picha za sare za askari wa zamani, za enzi ya Mjerumani na za enzi ya Mwingereza. Zote zichorwe kwa mkono. Picha kumi! Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Akasema hajafika bado. Eti nichore moja kwanza, na Pamela naye achore moja, na atakayempendeza ndiye atakayepewa ukumbi wote.

Pamela! Mchora kuku! Hakuna bucha Majengo isiyo na kuku wake. Mimi, Athanasi, niliyechora malaika wa kigango chetu (wawili kati yao wana mabawa yanayolingana), nipimwe mzani mmoja na mchora kuku.

Nimepewa babu yake Bi Mwanaisha, marehemu Mzee Chande wa Namasakata, aliyekwenda Burma na jeshi la Mwingereza. Kipicha chenyewe kidogo kama kiberiti, cheusi na cheupe, kimechakaa. Hawana kingine. Pamela amepewa askari wa Mjerumani kutoka kitabu cha zamani. Jumapili Mzee Twaha, baba mdogo wa Bi Mwanaisha, anakuja na basi kutoka Tunduru kuiona sura ya baba yake.

Jumanne, 11 Februari

Bi Mwanaisha kanipigia simu mara mbili kabla ya chai. Anasisitiza nichore kama ilivyo. Kama ilivyo! Si aipeleke stesheneri wakaikuze? Watu wa gesti hawajui sanaa. Nikamjibu, sawa mama.

Sare ni ya kijani. Kijani kipi, hakuna ajuaye. Nimetumia kilichobaki kwenye bango la duka la dawa. Kijani ni kijani. Nasikia Pamela ameshinda makumbusho akihesabu vifungo vya koti. Vifungo! Wageni watakuja kula wali, si kuhesabu vifungo.

Alhamisi, 13 Februari

Begani mwa Mzee Chande kuna nembo ya kikosi: kichwa cha mnyama. Mnene, pua ndefu, masikio yamesimama. Juu ya pua pana mkwaruzo mweupe, maana picha imechubuka. Mchoraji wa kawaida angenakili hadi mkwaruzo. Mimi nimeusafisha. Pua sasa laini kabisa, na nimeitia waridi kidogo ipate uhai.

Pamela akapita, eti kuazima tapentaini. Kupeleleza tu. Akaitazama picha ya zamani, akaitazama yangu, akaniuliza: "Kaka Athanasi, hiyo si pembe?" Nikamwambia kuku hawana pembe, sasa yeye pembe kazijulia wapi? Akaondoka bila tapentaini. Wivu mbaya!

Jumamosi, 15 Februari

Mvua siku ya tatu. Rangi haikauki. Nikamweka Mzee Chande karibu na jiko la mkaa. Karibu mno. Upande wa kushoto umeingia moshi. Nilishtuka, kisha nikatazama vizuri: uzuri mtupu! Sasa anaonekana kweli ametoka vitani.

Mchana nikamtumia Pamela ujumbe kuwa shughuli imesogezwa hadi Jumatatu. Asije akajiaibisha bure mbele za watu. Ni huruma tu.

Jumapili, 16 Februari

Pamela alikuwepo! Kafika kabla yangu! Eti alimpigia Bi Mwanaisha kuhakikisha. Mtu asiyemwamini mwenzake, huo ni moyo gani?

Ukoo mzima ulikuja, watu kama ishirini. Mzee Twaha, karibu miaka themanini, kanzu nyeupe, amechoka na safari. Nikampa shikamoo ya heshima. Ikasomwa dua. Wakafunua kwanza picha ya Pamela: askari wa Mjerumani, vifungo vyote, hata kile kitambaa cha kisogoni. Wakapiga makofi. Ya adabu tu.

Wakafunua yangu. Kimya. Nikajua wameguswa.

Mzee Twaha akavaa miwani, akasogea. "Sura ni yake," akasema. Nikainama kidogo. "Na hapa begani ni nini?"

"Nembo ya kikosi chake, mzee."

"Astaghfirullah! Baba yangu alikwenda Burma na nguruwe begani?"

Nikaeleza kuhusu mwanga. Nikaeleza kuhusu moshi. Bi Mwanaisha akajifunika uso kwa mtandio. Shangazi mmoja akataka picha igeuzwe, watoto wasione.

Hapo Pamela akatoa brashi kwenye mkoba (nani huenda kwenye dua na brashi?). Akaomba ruhusa kwa mzee, akafuta waridi kwa kidole gumba, akapiga mistari miwili. Pembe kubwa mbele, ndogo nyuma. Kifaru.

Mzee Twaha akakaa. Akasimulia kuwa wakiwa wadogo baba yao alikuwa akiwachorea kichwa hicho kwa mkaa ukutani, akiwaambia, sisi tulikuwa vifaru, nao wakimcheka. Walimcheka mpaka akaacha kuchora. Machozi yakamtoka bila sauti. "Ndiye," akasema. "Sasa ndiye."

Machozi yote hayo kwa ajili ya pembe! Mimi nilitazama dirishani. Jiko lao linatoa moshi sana, macho yaliniwasha.

Ukumbi kapewa Pamela.

Jumatano, 19 Februari

Nimetafakari kwa kina. Kosa ni la mpiga picha wa Burma. Mzee mwenyewe alikiri mbele ya mashahidi kuwa sura ni yake, na sura niliichora mimi. Pamela katia mistari miwili tu.

Leo kaja kuniomba, kwa upole wake ule wa kuudhi, nimsaidie kupaka mbingu na majani kwenye picha zilizobaki. Mbingu! Nikamwambia mimi si kibarua wa mawingu.

Na Mungu si Athumani: adhuhuri nimepata mteja wangu mwenyewe. Bwana Saimon wa Mfaranyaki. Marehemu babu yake alikuwa mpishi jeshini, koplo, kasimama na mwiko kando ya sufuria. Anamwonea fahari sana. Lakini koplo! Tepe mbili mkononi, ukuta unapooza. Nimempandisha cheo. Sasa ni jenerali, ana upanga na farasi. Mwiko nimeufuta.

Familia haitaamini macho yake.