Nani Atabaki na Viwavi

Jumatatu, 4 Agosti
Leo ni mwaka mmoja, miezi saba na siku tisa tangu nitoke nyumbani. Mgongo unauma. Nimefagia chumba cha wadudu mara mbili, maana mara ya kwanza nilifagia na mende wawili wa chuo, ikabidi niwatafute kwenye taka na kuwarudisha sandukuni. Kwetu mende anapigwa ndala. Hapa mende ana namba na saa yake ya kula. Mimi ninayemlisha sijatia kitu tumboni tangu asubuhi.

Mwalimu wa wadudu wanafunzi humwita Mama Sita. Kila somo hulifungua kwa kupiga meza: miguu sita! Mkisahau yote, sita msisahau! Wenyewe si wanafunzi wa wadudu. Ni wa uhasibu, sheria na ujenzi, wamewekewa somo hili kwa lazima wajue binadamu anavyoishi na wadudu. Wengi husinzia.

Habari kubwa! Ijumaa chuo kinafungwa kwa wiki tatu. Wadudu hawafungi. Lazima mtu mmoja abaki kuwalisha: mimi au mtunza bustani, ambaye namwita Mkasi. Mama Sita ataamua kabla ya kufunga. Mwanangu wa mwisho nilimwacha na wiki mbili. Mke wangu kasema kwenye simu kwamba sasa anatembea, na kila mwanamume anayepita na baiskeli humwita baba. Wapitao na baiskeli kwetu ni wengi! Lazima niende. Basi lazima Mkasi abaki. Hila ninayo.

Jumanne, 5 Agosti
Hila ni kumsifia. Nikamwambia Mama Sita kwamba Mkasi ana mkono wa wadudu, vipepeo hutua begani mwake, na nyuki wakimwona hupunguza sauti. Akasema ajabu, Mkasi naye kapita asubuhi, kasema hayohayo juu yangu. Hata ya vipepeo! Mwizi wa maneno.

Mchana Mkasi kaja na shavu la kushoto limevimba kama kameza chungwa likakwama njiani. Eti nyuki kamuuma. Akasema yeye na nyuki ni paka na panya, akiachwa na mizinga wiki tatu mtarudi kumzika. Mama Sita akampa pole na kiti. Kiti! Mimi sijawahi kupewa hata kigoda. Alipopita mlangoni, yule mgonjwa akanikonyeza.

Jumatano, 6 Agosti
Hila mpya. Mjinga hawezi kuachiwa wadudu, kwa hiyo nimeamua kuwa mjinga hadharani.

Nilikuwa nimebeba masanduku darasani. Mama Sita akauliza nani atamtajia mdudu yeyote. Nikadakia: buibui! Nikangoja kufukuzwa. Badala yake akapiga makofi, akasema hilo ndilo kosa la watu wote, akaniita mbele nihesabu miguu ya buibui wa chupani. Minane! Basi si mdudu. Waliosinzia wakainua vichwa.

Nikaongeza dozi. Nikasema kwa maoni yangu wadudu wote wafe, kuanzia nzi mpaka nyuki, dunia ipumue. Akaniuliza kama napenda tikiti maji. Sana. Akasema bila mdudu wa kubeba chavua toka ua hadi ua, nisahau tikiti. Na bila funza na wadudu wa samadi, tungekuwa tunatembea juu ya mizoga na kinyesi mpaka magotini.

Hapo nikakasirika kweli, hila nikaisahau. Nikamwambia, samahani Mwalimu, wewe hujalala njaa kwa ajili ya dumuzi. Baba yangu alijaza ghala la mahindi, baada ya miezi minne tukawa tunachota unga ambao hatukuusaga. Mwaka huohuo mchwa wakala mlango wetu, wakala na fremu, wakaacha bawaba. Ndio mwaka nilioacha shule.

Hakuna aliyecheka. Binti mmoja wa uhasibu, bingwa wa kusinzia, akachukua kalamu akaandika. Mama Sita akasema sasa mmeelewa: wadudu ni kama majirani, huyu anakuchotea maji, yule anakuibia kuku, na pa kuhamia huna. Kisha akanishika bega mbele ya wote, akasema mtu anayewajua wadudu hivi ni hazina.

Nimekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Shavu la Mkasi! Juzi lilivimba la kushoto, leo la kulia! Alipoingia darasani nikapiga ukelele palepale mbele ya wote. Nikamtaka afungue kinywa. Akakaza midomo kama mtoto aliyeona kijiko cha dawa. Kijana wa sheria akasema mshitakiwa ana haki ya kunyamaza. Mkasi akashindwa kujizuia, akacheka, pamba ikamtoka. Bonge zima! Wanafunzi wakalalia meza kwa kicheko. Mama Sita akasema uvimbe wa nyuki hukaa pale alipouma, hauhamihami kama mpangaji aliyeshindwa kodi.

Nilicheza kidogo. Sioni aibu. Mkasi akaninong'oneza: ndugu yangu, umejichimbia kaburi, tena kwa jembe langu. Nikadhani ni uchungu wa kushindwa.

Saa kumi Mama Sita akaniita. Akasema mwongo hawezi kuachiwa viumbe hai. Atabaki mkweli.

Mkweli ni mimi! Nimekaa juu ya ndoo nusu saa. Sikugundua kwamba ina maji.

Mkasi kaambiwa ajirekebishe kwa kazi. Kaapa kwamba kesho bustani itang'aa.

Ijumaa, 8 Agosti
Imeng'aa. Kakata kila kilichochomoza. Kakata ua wa mpakani, kakata maua, kisha akaukata mforosadi, mti pekee ambao viwavi wa hariri hula majani yake. Kimebaki kisiki. Na viwavi ni mia mbili, wanakula tangu alfajiri kama wamelipia.

Mama Sita akaketi vumbini na sketi yake nyeupe. Akasema amewalea tangu mayai, na wamebakiza wiki mbili tatu tu waanze kusokota hariri. Matawi yaliyokatwa yatawatosha siku tatu. Baada ya hapo, njaa. Mkasi akasema alidhani ni kichaka tu, akaanza kulia. Nikamkagua mashavu. Yalikuwa matupu, machozi ya kweli.

Mimi sikuwa na hila yoyote. Nimechoka, suruali bado mbichi. Nikasema, kama mtu anayejisemea, kwamba kwangu nyuma ya jiko kuna miforosadi mitatu, na majani yake huliwa na mbuzi bure.

Mama Sita akainuka. Akauliza ni mbali? Siku moja na nusu kwa basi. Akauliza kuna nani huko? Nikasema kuna mke wangu, na mtoto asiyeijua sura yangu. Akauliza mbona sikusema tangu Jumatatu? Nikasema sikuulizwa. Akasema: "Likizo huombwa, baba. Haitegewi mtego kama panya."

Nitakwenda na viwavi, wiki zote tatu. Mkasi, mwongo au si mwongo, atabaki na mende na wengine kwa kuwa hakuna mwingine, na mizinga ataisimamia Mama Sita mwenyewe. Mkasi akanipa mkono, akasema nimsalimie shemeji yake. Moyo wake si mbaya. Kichwa tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeitafakari wiki hii kwa makini. Funzo ni moja: hila zangu hufanya kazi, ila polepole. Sifa, buibui, pamba, vyote vilikuwa ngazi. Wakati ule sikujua, lakini bila shaka nilipanga.

Viwavi wako kwenye sanduku lenye matundu, majani yamefungwa kwa kitambaa kibichi. Juu yake Mama Sita kabandika karatasi: VIWAVI WA HARIRI, HAWAUMI, TAFADHALI MSIWATIKISE. Maneno mengi yasiyo na faida. Nimeibandua. Nimeandika mwenyewe kwa makaa, herufi kubwa: NYUKI WAKALI. Abiria wa kiti cha jirani atahama bila kuombwa, nami nitanyoosha miguu njia nzima. Dereva hawezi kunikatalia, tiketi nimeshakata. Sioni kitakachoharibika.

Basi linaondoka kesho alfajiri. Mke wangu nimeshampigia: Jumatatu tarehe 11, kabla ya giza, niko mlangoni. Apike vya kutosha.