Fundo la Mizunguko Mitatu

Jumatatu, 3 Februari

Nimetoka kumwona Mzee Idirisa. Hali tena chakula. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Amelala amefumba macho, lakini mkono wa kulia bado unavuta uzi ambao haupo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Halafu nikalifikiria baraza lake la kushonea. Si tamaa! Liko jirani na msikiti, na kila anayekwenda mpakani, Grande Barrière, analipita. Nani atakaa pale? Ataamua mkewe, Mama Isimbi. Wanafunzi tuliobaki ni wawili, mimi na Muhamadi.

Muhamadi! Akishona kifungo anazungusha uzi mara moja, anavuta, anakata. Mimi ni mizunguko mitatu, sindano inapita katikati, narudi nyuma mshono mmoja, mkia wa uzi nauficha ndani ya kitambaa. Shati la Shyaka wa benki lilichanika kifuani, lakini kifungo kilibaki kimeng'ang'ania kipande chake. Shyaka alikuja kulalamika. Nikamwonyesha fundo. Hakusifu.

Jumatano, 5 Februari, mchana

Mzee amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nyumba ni tupu bila kikohozi chake.

Tumemwosha na kumvika sanda, mimi, Muhamadi na mpwa wa marehemu. Sanda inafungwa kwa vitambaa vilivyochanwa humo humo, kichwani, kiunoni na miguuni. Kaburini hufunguliwa. Muhamadi amefunga vitanzi tu, vya kuvuta kwa kidole kimoja. Nikamwambia kwamba tutapanda mlima, njia ina mawe, jeneza litatikisika, je, sanda ikilegea? Akajibu kwamba hivi vinafungwa ili vifunguliwe. Wavivu hawakosi maneno!

Walipokwenda kuswali adhuhuri nikasema nabaki na Mzee, nitaswali baadaye. Nikachomoa sindano kofiani. Nikapitisha uzi mweupe katika vitanzi vyote. Mizunguko mitatu, mkia ndani. Machozi yalinidondoka nikishona. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Mama Isimbi akisikia jinsi sanda ilivyotulia njia nzima, atauliza ni mkono wa nani. Hapo Muhamadi atasema nini?

Alhamisi, 6 Februari

Jana jioni sikuweza kuandika.

Sanda haikulegea. Hilo liandikwe kwanza.

Muhamadi na mpwa waliteremka kaburini. Wakampokea Mzee, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Muhamadi akavuta kitanzi cha kichwani. Kikakataa. Akavuta tena. Akapapasa kutafuta mkia wa uzi. Haukuonekana, niliuficha vizuri mno. Imamu akauliza kwa sauti ya chini kuna nini. Muhamadi akainua macho, akanitazama mimi tu katika umati wote ule.

Nikateremka. Nikajaribu kwa kucha. Mafundo haya nimeyafunga miaka yote, na sijawahi kufungua hata moja. Nikamwomba Mzee radhi moyoni. Mvua ikaanza. Mafundi cherehani wa mji mzima wamesimama pale juu, na hakuna hata mmoja mwenye wembe!

Muhamadi akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati. Akainama, akaufumua uzi pole pole, fundo moja baada ya jingine, kama anayemtoa mtoto mwiba. Sindano yangu ilikuwa kofiani. Sikuikumbuka.

Tuliporudi hakumsimulia mtu yeyote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Anataka aonekane mwema!

Jumapili, 9 Februari

Mama Isimbi ametuita. Baraza amempa Muhamadi. Nilitazama mkeka. Muhamadi akashukuru, akaondoka. Mimi akaniambia nibaki.

Alikuwa anajua. Mpwa alimwambia. Nikangoja matusi, hayakuja. Aliniambia hivi: "Byiringiro, mwanangu, mzee alikupenda sana. Alikuwa anasema, ule mutoto iko na mukono muzuri, lakini alikimbia mbele ya kumufundisha kufumua."

Ni kweli. Wakati wa somo la kufumua nilikuwa naaga kila siku kwamba naumwa. Kufunga ndiyo kazi, nilijiambia, kufumua ni kuharibu.

Mama Isimbi akacheka kidogo, kisha akalia. Nikalia naye. Akafungua kopo la vifungo, akanipa kile chuma kidogo cha Mzee cha kufumulia nyuzi, mpini umelainika kwa vidole vyake. Akasema nikitumie.

Nimetafakari njia nzima. Muhamadi amepata nini? Mbao na bati. Mimi nimepata chombo kilichokaa mkononi mwa Mzee mwenyewe. Mrithi ni nani? Iko wazi!

Nimekitundika shingoni kwa uzi mweusi, Ijumaa msikiti mzima wakione. Nimefunga kisogoni, mizunguko mitatu, mkia ndani. Mukashyaka, mke wangu, anasema uzi ni mfupi, haupiti kichwani, na shingo imeanza kuwa nyekundu. Anasema cha kuufumulia si hicho hapo kifuani? Nimemwambia hicho ni urithi, si cha kuchezea. Kumeza mate kunanipa shida kidogo, lakini fundo limeshika.