Ombi la Kutangaza Ndoa ya Donat Mukuka na Lori Lake

Élisabethville, mtaa wa Albert,
tarehe 4 Oktoba 1950

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti la parokia yetu,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi, maana nisingependa uanguke.

Katika toleo lililopita uliandika kwamba ndugu wawili, Rigobert na Donat Mukuka, ni "mwanga wa maendeleo", kwa sababu wamenunua lori la dizeli lililoachwa na jeshi la Waingereza baada ya vita, nao wanalitengeneza kwa mikono yao ili lilete unga kutoka Lukafu. Niliirudia habari hiyo nikitafuta mahali ulipoandika kwamba lori lenyewe haliendi. Sikupaona. Mimi ni mchumba wa ule mwanga mdogo, Donat. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote niliofundishwa na watawa, uchape katika toleo lijalo tangazo la ndoa kati yake na lori hilo. Mimi nimejitoa. Sababu zangu ni hizi.

1. Makao. Kanisa linafundisha kwamba mume na mke wakae pamoja. Donat anakaa na lori. Anakula chini yake, anawaza chini yake, na nikimtembelea nazungumza na viatu vyake. Ni viatu vyenye adabu: vikikubali jambo, kimoja hutikisika. Nilipouliza kama atakuja kumsalimu mama siku ya Pasaka, vyote viwili vilitulia.

2. Moto. Rigobert, kaka yake mkubwa, ni mchochea moto wa treni, naye anaamini kwamba kila injini duniani ni binti wa ile ya kwake. Mwezi wa Julai, baridi ilipokuwa kali, aliazima mbabula, lile jiko la makaa la mama yangu, akaijaza makaa, akaisukuma chini ya injini ili mafuta yalainike. Nakubali kwamba mafuta yalilainika na lori likakohoa. Lakini sasa ni Oktoba, Bwana Mhariri. Kuku wanatembea midomo wazi kwa joto. Rigobert bado anawasha mbabula kila asubuhi, kwa kuwa siku ile lori lilikohoa, naye si mtu wa kuacha desturi iliyowahi kuleta kikohozi. Kwetu bukari, yaani ugali, inapikwa juu ya mawe matatu, kama vile tumekuja mjini jana.

3. Majirani. Kila Jumapili, misa ikiisha, wanaume hulisukuma lori wakiwa na nguo zao za kanisani. Wanalisukuma mpaka kwenye mteremko wa bomba la maji. Linanguruma, linawapaka wote moshi mweusi, watu wanapiga kelele "Inaamuka! Inaamuka!", kisha linanyamaza. Hapo Rigobert huvua kofia na kutangaza: "Haiyakufa, iko nalala tu." Nimehudhuria mazishi ambako marehemu alionyesha dalili nyingi zaidi za uhai. Na wanawake wa bombani wamepata wimbo. Nikifika tu na ndoo yangu, mmoja huuliza: "We Marceline, mupali wako ameamuka leo?" Mupali ni mke mwenza. Nawajibu kwamba mke mwenza angalau hupika.

4. Ahadi. Hapa naomba usome polepole. Donat aliapa mbele ya baba yangu kwamba binti wa Kapya hatakwenda kanisani kwa miguu, bali atapandishwa katika lori hilo. Hakuna aliyemwomba kuapa. Matangazo yetu ya ndoa yamesomwa kanisani mara mbili. Ya tatu yamesimama kwa ombi lake mwenyewe, mpaka lori litembee. Alikwenda kumwomba Padri Stanislas alibariki lori. Padri akasema liletwe kanisani. Donat akasema haliwezi kuja. Padri akamjibu kwamba kwa wale wasioweza kuja kanisani yeye ana mafuta ya wagonjwa.

Baba yangu, ambaye husema kidogo, amesema: "Mvua ya kwanza ikinyesha bila ndoa, maneno imeisha." Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kinsevere. Maneno yakiisha, nitapelekwa Lukafu kwa shangazi yangu, nikawafundishe wasichana kushona. Lukafu ndiko lori linakotakiwa kwenda. Nitafika kabla yake, kwa miguu.

Wala usidhani nimeliandika hilo kwa kucheka.

5. Shela. Masera Agnès, mtawa aliyenifundisha kushona, alinipa kitambaa cheupe chepesi kilichotoka Ubelgiji, nami nilikipinda mwenyewe, ukingo wote, kwa mkono. Jana Rigobert alikuja kwetu kuomba makaa. Akaona kapu langu, akaona kitambaa chenye matundu, akasema moyoni mwake kwamba ni kipande cha chandarua. Mazuti yao, yaani mafuta ya lori, hutoka katika mapipa ya jeshi yaliyojaa kutu. Ameifunga shela yangu kwenye mdomo wa tangi na kuyachujia humo.

Donat alikuja mwenyewe kunieleza. Alikuja amesimama wima, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. Akasema: "Marceline, usikasirike, lakini ile kitambaa iko muzuri sana. Buchafu yote inabakia." Basi hatimaye mchumba wangu ameitazama shela yangu na kuuona uzuri wake.

Bwana Mhariri, fuatana nami hatua kwa hatua. Mwenye kuvaa shela ndiye bibi harusi. Shela imevaliwa na lori. Donat ni Mkatoliki, hawezi kuwa na wake wawili. Kwa hiyo naomba uchape hivi, bila kupunguza neno: *Bwana harusi, Donat Mukuka. Bibi harusi, lori, mjane wa jeshi la Waingereza, umri haujulikani. Mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii anyamaze.*

Nisalimie mkeo, Mama Bwalya, na watoto, na wapiga chapa wako, na kila msomaji aliyewahi kuharibu shati la Jumapili nyuma ya lori lile.

Ni mimi, niliyebaki na adabu baada ya subira kwisha,

Marceline Kapya

Nyongeza. Tafadhali usilichape tangazo lile. Nilikuwa nafunga bahasha mchana huu niliposikia ngurumo, nikadhani ni mvua aliyoisema baba. Kumbe ni lori. Lilipanda barabara yetu bila mtu nyuma yake, Donat akiwa kwenye usukani. Nilikuwa karibu nimesahau kwamba ana meno mazuri. Kutu ya mapipa ndiyo iliyokuwa ikiziba mirija tangu mwanzo, na shela imeizuia yote. Rigobert anasema ni mbabula. Lori limefika kanisani, Padri Stanislas ametoka na maji ya baraka, na Jumapili atasoma matangazo ya tatu. Harusi itafuata Jumamosi yake, mawingu yakituvumilia.

Kichwani nitavaa kitambaa cha mama. Shela nimesema ibaki kwenye tangi, na atakayeigusa ataniona. Ukipenda kuchapa kitu, wajulishe wageni waje na viatu vikuukuu, kwa sababu lori likishawaka halizimiki, ila kuliwasha bado kunataka mikono ya kusukuma.

Tena, kama Mama Bwalya bado ameihifadhi shela yake sandukuni, tunaiomba. Mapipa yaliyobaki ni mengi, na Lukafu ni mbali.